Mwezi Uliosimama

Katika chumba chetu cha mafundisho hapa Mikelenge kuna kalenda kuukuu iliyoletwa kutoka Ulaya. Mwaka wake umekwisha pita zamani, lakini hatukuiondoa ukutani kwa ajili ya picha ya Desemba: chini theluji, juu miti isiyo na jani hata moja, na kati ya matawi mwezi mwembamba umesimama kama mundu. Wakatekumeni huitazama hiyo kuliko wanavyonitazama mimi. Hapana shaka ndiyo iliyoizaa picha nyingine, ambayo nataka kuisema leo.

Kijana mmoja wa komini yetu, ambaye riziki yake ni kupiga picha za arusi na ubatizo, siku ya sikukuu alileta ukumbini picha kubwa aliyoiita “Jioni ya Lualaba”. Ilionyesha msufi uliopukutika majani, kama misufi ifanyavyo wakati wa kiangazi. Nyuma yake mto. Na kati ya matawi mwezi mchanga, mkubwa kama sinia. Nikaisifu mbele ya watu. Nilisema maneno mengi juu ya uzuri wa viumbe, nami nikiyakumbuka naona haya. Maana mzee mmoja mvuvi alisogea, akaitazama, akaniuliza: “Mwalimu, mwezi huu ni wa wapi? Wa kwetu hulala. Huu umesimama.” Watu wakacheka, mimi nikanyamaza.

Mzee alisema kweli. Kindu iko karibu na ikweta, kusini yake kwa digrii tatu hivi. Kwetu jua halishuki kwa mshazari, hutumbukia karibu wima. Na mwezi mchanga unaolifuata hupata mwanga wake kwa chini. Kwa hiyo pembe zake hutazama juu, kama mtumbwi majini, mara umeinama kidogo upande huu, mara upande ule, kwa kufuata majira. Ulaya jua hushuka kwa mshazari, ndiyo sababu mwezi wao husimama. Tena, mwezi mchanga wa jioni huonekana magharibi, na sisi wa Mikelenge mto wetu uko mashariki! Kijana aliutoa mwezi katika picha ya kigeni, akaubandika juu ya msufi wetu. Alikiri bila kusita: “Mwalimu, mwezi wa simu yangu ulitoka kama tone la maziwa. Ningefanyaje?”

Swali lake ni la haki, na haifai kumhukumu kabla ya kulijibu. Mwezi tunaouona mkubwa unapochomoza ni mdogo sana: nyosha mkono wako, na ukucha wa kidole cha mwisho utaufunika wote. Jicho letu hudanganyika, kamera haidanganyiki. Tena mwezi huangazwa na jua lile lile la mchana, hivyo hung'aa kama jiwe lililo juani, wakati mti ulio mbele yake umo gizani. Kamera ikipokea mwanga kidogo, matawi huwa weusi mtupu. Ikipokea mwanga mwingi ili tuone gome, mwezi huungua ukawa doa jeupe. Na ukiiacha wazi kwa muda mrefu, mwezi haukungoji: kila dakika mbili hivi husogea kadiri ya upana wake mzima. Hapo ndipo matawi matupu yanapomsaidia mpiga picha. Mti wenye majani gizani ni bonge tu, lakini uliopukutika hubaki na mistari yake, kila kitawi kwa umbo lake, hata ukiwa mweusi kabisa.

Mwaka 1941 Mmarekani Ansel Adams alipiga picha ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, chenye kanisa dogo na misalaba ya makaburi. Hakuona kipimo chake cha mwanga katika ile haraka. Akakumbuka mwangaza wa mwezi ni kiasi gani, akakisia kwa hesabu hiyo. Tarehe hakuiandika, na baadaye aliitaja miaka mbalimbali. Lakini wataalamu wa nyota walipopima mahali mwezi ulipo katika picha, waliipata siku: tarehe 1 Novemba 1941. Mwezi ulimkumbukia aliyesahau. Sisi Wakristo tusingeshangaa, maana hata Pasaka yetu hutafutwa kwa mwezi mpevu. Na mwezi wa kijana wetu, je, ukiulizwa utashuhudia nini? Utataja mji mwingine na jioni nyingine.

Sisemi kwamba mkono wa fundi ni marufuku. Adams mwenyewe alizidi kuitia mbingu giza alipochapa picha ile mwaka hata mwaka. Na huko Uingereza mwaka 1874 James Nasmyth na James Carpenter walitoa kitabu juu ya mwezi, wakafinyanga milima yake kwa plasta, wakaiweka juani na kuipiga picha. Lakini walimwambia msomaji wazi kwamba ni plasta. Siku hizi mambo ni magumu zaidi: mwaka 2023 mtu mmoja aliutia mwezi ukungu makusudi kwenye kioo cha kompyuta, akaupiga picha kwa simu ya bei kubwa, na simu ikamrudishia mabonde ambayo hayakuwamo. Huyo hata hakuomba kudanganywa.

Kijana alikasirika nami juma zima, kisha akaazima kamera yenye lenzi ndefu. Alichagua jioni moja kabla ya mwezi mpevu, kwa sababu siku hiyo mwezi huchomoza jua halijazama, na mbingu ina mwanga wa kutosha mti na mwezi pamoja. Tena alirudi nyuma, mbali na msufi, mpaka uani kwa watu. Ukirudi nyuma mti hupungua, mwezi haupungui. Hivyo ukaonekana mkubwa kati ya matawi bila kubandikwa.

Picha hii ya pili ni bora, ingawa si safi. Mwezi ameuweka katikati kabisa, kama msumari ukutani, na kushoto imeingia kamba ya nguo yenye shuka moja. Lakini maganda ya sufi yananing'inia dhahiri mbele ya duara, moja limepasuka na pamba yake imetoka. Na ukingo mmoja wa mwezi umebonyea kidogo, kwa kuwa haujajaa. Kijana alitaka kuifuta ile shuka. Nilimwomba aiache.

Mzee mvuvi alipoonyeshwa, aliishika karibu na macho. “Hii ni ile jioni kabla ya mpevu,” akasema. “Usiku ule hatukupata samaki.”