Kiarifu cha Kireno na Mizani ya Habari

Sarufi ya shule katika Brazil huwafundisha wanafunzi kwamba kiarifu, yaani ile sehemu ya sentensi itoayo habari za kiima, ni cha namna tatu. Mgawanyo huo ulitiwa muhuri na serikali mwaka 1959, ilipotangazwa orodha rasmi ya istilahi za sarufi, nao ungali ukisomeshwa hata leo. Kuukariri ni kwepesi. Kuutetea ni kazi nyingine.

Namna ya kwanza ni kiarifu cha kitenzi: "O menino chegou", mtoto alifika. Ya pili ni kiarifu cha jina: "O menino está cansado", mtoto amechoka. Katika hiyo ya pili husemwa kwamba uzito wa habari umo katika sifa "cansado", na kitenzi "está" ni kamba tu ya kuifunga sifa kwa kiima. Ya tatu huchanganya hizo mbili: "O menino chegou cansado", mtoto alifika hali amechoka.

Hiyo ya tatu ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, maana humlazimisha msomaji kupima maneno. Itazamwe sentensi hii: "O juiz julgou o réu culpado." Yaweza kuwa na maana kwamba hakimu alimwona mshtakiwa kuwa ana hatia, hapo kiarifu ni cha namna ya tatu. Yaweza pia kuwa na maana kwamba hakimu alimhukumu yule mshtakiwa mwenye hatia; hapo sifa ni pambo la jina, na kiarifu ni cha kitenzi peke yake. Kipimo ni kuweka kiwakilishi mahali pa jina. Katika maana ya kwanza husemwa "julgou-o culpado", na sifa hubaki. Katika ya pili husemwa "julgou-o", na sifa humezwa pamoja na jina lake.

Udhaifu umo katika ile kamba. Neno "ni" la Kiswahili laweza kuitwa kamba bila ya ubishi, kwa kuwa halina nafsi wala wakati. Lakini "está" hugeuka kuwa "estava" na "estará", na hutengana na "é" kwa maana: "é triste" ni mwenye huzuni kwa tabia, "está triste" ana huzuni kwa sasa. Kamba gani hiyo ibadilishayo mzigo? Tena, "está em casa", yuko nyumbani, huhesabiwa na walimu wengi kuwa kiarifu cha kitenzi, ingawa kitenzi ni kile kile. Evanildo Bechara, ambaye sarufi yake ilitoka kwanza mwaka 1961, alikuja kushikilia kwamba hata katika kiarifu cha jina kiini ni kitenzi. Hoja yake ina nguvu.

Hata hivyo mwanafunzi hutahiniwa kwa namna tatu, na wengi huziokoa alama zao kwa hila: wakiona "ser" au "estar", huandika "cha jina" bila ya kusoma zaidi. Hila hiyo hushindwa mbele ya "anda". "Anda depressa", hutembea upesi, ni kiarifu cha kitenzi. "Anda doente", siku hizi ni mgonjwa, ni cha jina. Naye Mswahili ajifunzaye Kireno ana mtego wake mwenyewe: "amechoka" kwake ni kitenzi kitupu, basi akiichambua tafsiri badala ya sentensi yenyewe, "está cansado" itamponyoka.