Msonge wa Namugongo

Msomaji kijana, nyumba ya ibada hupimwa kwa swali moja: je, umbo lake lasema kweli juu ya jambo linalokumbukwa ndani yake? Mahujaji wa Kenya huenda Uganda kila Juni. Ukipata kufuatana nao kutoka Ziwani yetu, Nairobi, hadi Namugongo, karibu na Kampala, lichukue swali hilo safarini.

Hapo ndipo Karoli Lwanga na wenzake walipochomwa moto tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Kanisa Katoliki la mahali hapo, kazi ya msanifu Mswisi Justus Dahinden, liliwekwa wakfu mwaka 1975. Umbo lake ni msonge, mfano wa nyumba ya kale ya Waganda.

Wapo wasemao kuwa huo ni uigaji mtupu. Hoja yao ina uzito, kwani msonge wa kale ulikuwa wa nyasi na matete, wenye unyenyekevu usiopatikana katika jengo refu la shaba. Lakini hesabu nguzo zake. Ni 22, sawa na idadi ya mashahidi Wakatoliki waliotangazwa watakatifu mwaka 1964. Nazo ndizo zibebazo paa.

Pambo likiondolewa, nyumba husimama. Nguzo zikiondolewa, nyumba huanguka. Kwa hiyo mashahidi hawakuchorwa ukutani tu kama wageni, bali wamefanywa mhimili wa nyumba. Hapo jengo limesema kweli, na uigaji umegeuka sanaa.