Mlima Usio na Mzigo: Uhakiki wa The Living Mountain

Mwaka 1891 Hugh Munro alichapisha orodha ya milima ya Uskoti yenye kimo cha zaidi ya futi 3,000. Hadi leo wako watu wanaoipanda mmoja baada ya mwingine, wakiweka alama kama mtu anayelipa deni. The Living Mountain, kitabu cha Nan Shepherd, kinakwenda kinyume na tabia hiyo. Shepherd alikuwa akifundisha walimu mjini Aberdeen. Alikiandika kitabu hiki karibu na mwisho wa Vita Kuu ya Pili, akakifungia, kikaja kuchapishwa mwaka 1977. Dhamira yake ni kwamba kilele si kitu. Mlima huendewa kama anavyoendewa rafiki, bila shida maalumu, na anayekwenda hivyo ndiye anayeufahamu.

Kifani sina ugomvi naye. Anaandika kwa miguu, masikio na ngozi; anapovua viatu na kukanyaga majani, nami nilihisi unyevu. Tatizo langu liko katika maudhui, tena lilianzia barabarani.

Jumamosi moja ya likizo, mimi na wenzangu wawili wa darasa tulikodi baiskeli tupande kuelekea Bugarama. Ni kilomita 35 hivi kutoka Bujumbura, lakini unatoka ziwani, chini ya mita 800, hadi juu ya mita 2,000. (Ben Macdui, mlima mkubwa wa Shepherd, una mita 1,309.) Hatukufika mbali kabla ya kuanza kuzisukuma. Vijana wa ndizi na makaa walitupita wakiteremka kwa kasi, mzigo umewazidi kimo. Wengine walipanda wakiwa wamedandia nyuma ya malori. Mzee mmoja aliyekaa kando ya njia alituuliza, “Wanangu, mnapeleka nini?” Nikamjibu hatupeleki kitu, tunatembea tu. Akatutazama kwa huruma. “Poleni. Nani amefariki?”

Tulicheka njia nzima ya kurudi, lakini swali lake ni uhakiki kamili. Kwetu kilima ni anwani: ndiyo ngazi ya chini ya utawala vijijini, na mgeni huulizwa ni wa kilima gani. Hakuna anayekwenda kilimani kama anavyokwenda Shepherd; watu wako huko tayari, na anayepanda ana sababu. Kwa haki ya mwandishi, hakuwasahau wakulima wa Cairngorms, na anaeleza ugumu wa kazi yao kwa heshima. Ila sura ya wanadamu ni ya tisa kati ya kumi na mbili, baada ya barafu, mimea na ndege. Maarifa ya ndani ya mlima amemwachia mtembezi.

Hapo ndipo ninapomkatalia. Jirani yetu hapa Buyenzi aliteremsha ndizi kwa miaka mingi kwa baiskeli isiyo na gia, mpaka siku alipoanguka akidandia lori. Mguu mmoja haukupona. Sasa anashona viatu. Nilimsimulia kitabu hiki, nikamuuliza kama aliwahi kuufurahia mlima. Alikaa kimya, nikadhani nimemuudhi. Kisha akaanza kuniteremsha kutoka Bugarama kona kwa kona, viganja vikibana breki ambazo hazipo: hapa ukungu unakulowesha kifua, hapa unasikia maji kabla ya kuyaona, hapa joto la ziwa linakupiga usoni ghafla, ndipo unajua umepona. Hakutaja kilele hata mara moja. Yote ambayo Shepherd anasema hupatikana kwa kwenda bila haja, huyu aliyapata akiwa na mikungu ya ndizi mgongoni mwa baiskeli na watoto wanaosubiri kula.

Nilimuuliza kama angependa kurudi kule siku moja, bila mzigo, kutazama tu. Alisema angependa, lakini kwa gari, na asikae upande wa dirisha.