Neno "Ikiwa" katika Kazi ya Jenerali Morgan

Vitabu vya majemadari aghalabu husomwa kwa ajili ya mapigano. Msomaji hutafuta mito iliyovukwa na miji iliyotekwa. Kitabu cha Luteni Jenerali Sir Frederick Morgan, Overture to Overlord, kilichotolewa mwaka 1950, hakikuandikwa kwa haja hiyo. Jina lake latangaza jambo hili tangu jaladani: ni dibaji ya muziki, si muziki wenyewe. Chaeleza jinsi shambulio la Normandy, lililopewa jina la siri la Overlord, lilivyotayarishwa mezani kwa ramani na hesabu. Nionavyo mimi, yatupasa kukisoma pamoja na mpango wenyewe, maana mpango nao ni utungo, na utungo huu una neno moja linalotufunulia tabia ya mtungaji wake. Neno hilo ni "ikiwa".

Morgan alizaliwa katika jimbo la Kent mwaka 1894, akaingia jeshi la mizinga mwaka 1913. Alipigana Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha akatumika miaka mingi Uhindi. Mwaka 1943 aliwekwa kuwa Mnadhimu Mkuu wa Jemadari Mkuu wa Washirika, cheo kilichofupishwa kuwa COSSAC. Ajabu ya cheo hicho ni kwamba jemadari mwenyewe alikuwa bado hajachaguliwa. Basi Morgan akaketi Norfolk House, London, naibu wake akiwa Mmarekani, Ray Barker, akamtumikia bwana asiyekuwapo, kwa vyombo alivyopimiwa na wengine.

Njia fupi ya kuvuka bahari ilikuwa ya Pas de Calais; lakini Wajerumani nao waliijua, na huko ndiko walikoimarisha ngome zao zaidi. Morgan na wenzake wakaichagua pwani ya Normandy, karibu na Caen, ambako ulinzi ulikuwa hafifu zaidi, na ndege za Uingereza ziliweza kuwakinga askari. Vyombo vya kushusha watu pwani vilitosha divisheni tatu tu katika shambulio la kwanza, wakaandika tatu. Mpango ulitolewa mwezi wa Julai 1943, ukakubaliwa na wakuu waliokutana Quebec mwezi uliofuata.

Lakini haukuahidi ushindi mtupu. Uliweka masharti: ikiwa nguvu za ndege za Wajerumani zitapunguzwa kwanza, ikiwa divisheni zao za akiba zilizo bora katika Ufaransa hazitazidi 12 siku ya kushuka, ikiwa zitaundwa bandari za kuvutwa baharini, kwa kuwa bandari ya asili haikutazamiwa kutekwa mapema. Mwenye pupa angeona kwamba masharti haya ni woga. Mimi nayaona kuwa ndiyo ushujaa wa karamu. Mwandishi asiyeficha upungufu wa hoja yake humheshimu atakayeitegemea; na waliotegemea hoja hii walikuwa maelfu ya vijana waliokuwa hatarini kufa majini.

Montgomery alipouona mpango mwezi wa Januari 1944 aliulaumu: uwanja mwembamba, askari wachache. Shambulio likaongezwa kuwa la divisheni tano, likapanuliwa hadi rasi ya Cotentin, nayo siku ikasogezwa kutoka Mei hadi Juni ili vyombo zaidi vipatikane. Kwa kipimo cha vita Montgomery alisema kweli. Kwa kipimo cha haki hakumaliza maneno, maana yeye na Eisenhower walikuwa na uwezo wa kudai vyombo, na Morgan hakupewa uwezo huo. Wahenga walisema mipango si matumizi. Hata hivyo, pwani iliyoshambuliwa tarehe 6 Juni 1944 ilikuwa ile ile iliyochaguliwa Norfolk House, na bandari za kuundwa zilivutwa mpaka huko.

Kama habari ingalikoma hapa, tungalimwandikia sifa tupu. Lakini baada ya vita Morgan alikuwa mkuu wa kazi za UNRRA katika Ujerumani, shirika la kuwasaidia watu waliotawanywa na vita. Mwezi wa Januari 1946, mbele ya waandishi wa magazeti huko Frankfurt, alisema kwamba Wayahudi waliokuwa wakitoka Poland walikuwa wamevaa vizuri, wameshiba na wana fedha, na kwamba nyuma yao palikuwa na chama cha siri. Habari za kuteswa kwao alizitilia shaka.

Yatupasa kupambanua. Palikuwa kweli na Wayahudi waliowavusha wenzao mipaka kwa siri, na kazi yao ilijulikana kwa jina la Bricha. Lakini mtu anayeonyeshwa njia hakosi kuwa mkimbizi. Wayahudi walikuwa wameshambuliwa Kraków mwezi wa Agosti 1945. Na mwezi wa Julai 1946, huko Kielce, wakauawa zaidi ya 40. Yule aliyehesabu kila chombo kabla ya kuandika tatu, hapa alitazama makoti ya watu akatoa hukumu. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Aliponea chupuchupu mara hiyo; lakini mwezi wa Agosti 1946, baada ya kudai kwamba shirika lilikuwa kificho cha wapelelezi wa Kirusi, mkurugenzi wake La Guardia alimwondoa.

Baadaye Morgan aliongoza kazi za nguvu za atomiki za Uingereza, mwaka 1951 hadi 1954, akafariki mwaka 1967. Wanaomtetea hutaja Normandy na kunyamazia Frankfurt. Wanaomshutumu hufanya kinyume. Mhakiki hana ruhusa ya kuchagua nusu. Mpango wa 1943 ni utungo bora kwa sababu mwandishi wake alikiri kila asichoweza kukithibitisha. Maneno ya 1946 yaliwaangukia watu waliokuwa wamekwisha kupoteza jamaa na makwao. Kama wako watu waliostahili kusemwa kwa hadhari iliyotumika katika kuhesabu mashua, ndio hao.