Gurudumu Moja Ukumbini

Kusi inapovuma mwezi wa Julai na kuifunika Nairobi kwa wingu la chini ambalo pengine hukaa mchana kutwa, joto la alfajiri huko Dagoretti, palipoinuka juu ya bahari kiasi cha mita 1,800, hushuka hadi karibu nyuzi 11, na manyunyu huitia utelezi lami ya Kangemi na Kawangware. Basi mwenye kujifunza baiskeli ya gurudumu moja, chombo kisicho na usukani na aghalabu kisicho na breki, hana budi kutafuta paa. Wengi huihesabu hali hiyo kuwa hasara. Mimi naiona kuwa darasa bora kuliko barabara.

Pedali zimeshikana na gurudumu lenyewe, bila mnyororo, hata mguu ukisita gurudumu nalo husita, na kila mzunguko katika gurudumu la inchi 20 humpeleka mpandaji mita 1.6 tu. Katika ukumbi wa mita 12 huukabili ukuta baada ya mizunguko saba. Barabarani angeendelea mbele, na mwendo ungemsitiria kasoro za mizani yake; ukumbini hana njia ila kugeuka au kutulia papo hapo, na kutulia huko ndiko asili ya fani yote.

Mwanzoni huegemeza kiganja ukutani kwenye kimo cha nyonga, akakalia kiti kwa uzito wake wote, maana anayesimama juu ya pedali hulisukuma gurudumu likamtoroka. Hatimaye kiganja huwa vidole vitatu, kisha kimoja, na macho hutazama mbele, si tairi. Ndipo huja zoezi gumu: pedali moja huwekwa chini kabisa, mguu wake ukabeba kazi, na gurudumu likaenda nusu mzunguko mbele na nusu nyuma, kiwiliwili kikitulia juu yake mithili ya bembea iliyopinduliwa. Anayeelemea mbele hukanyaga ili gurudumu limwahi. Anayeelemea nyuma hulirudisha. Anayeelemea ubavuni huligeuza kwa nyonga upande ule ule.

Kuanguka nako hufundishwa: hushuka kwa miguu huku mkono ukikidaka kiti kabla hakijagonga saruji, kishindo ambacho ukumbini husikika mpaka uani. Sakafu na ifutwe kwa kitambaa chenye maji, kisha iachwe ikauke, kwani vumbi laini juu ya saruji huteleza vibaya.

Huko Ngara, iliyokuwa sinema ya Shan iligeuzwa kuwa Sarakasi Dome, na Sarakasi Trust, iliyoasisiwa mwaka 2001, imewapa humo wanasarakasi wa mji huu mahali pa mazoezi. Si vijana wote wa Kangemi na Kawangware walio na nauli ya kufika huko kila siku. Nawasihi wenye funguo za kumbi za kijamii za upande wa magharibi wazifungue alasiri za Juni hadi Agosti, ukuta mmoja ulio wima na sakafu kavu vikiwa ndiyo haja yote ya vijana hao.