Matuta ya Jozani: Namna Safari ya Kusini Unguja Ilivyofunzwa Kwenda Pole

Kati ya safari za gari wanazozipenda maharusi wanaokuja Unguja kwa fungate, ile ya kusini ndiyo inayobeba mengi kwa siku moja. Gari inatoka Mji Mkongwe, inapita Mwanakwerekwe na Tunguu, na baada ya kilomita 35 hivi inafika kwenye msitu wa Jozani, ambako kima punju wanaruka juu ya barabara yenyewe. Mbele kidogo, Kitogani, njia inagawanyika: moja inakwenda Kizimkazi kwenye pomboo, nyingine Paje na Jambiani kwenye fukwe za mashariki. Watu husema safari kama hii haiwadhuru wanyama mradi mgeni awe mstaarabu na dereva awe mwangalifu. Mimi naona sivyo. Ukiipima barabara hii kwa ushahidi uliopo, utakuta kwamba nia njema ya msafiri imefanya kazi ndogo sana, na kilichowaokoa wanyama ni mpango uliowekwa pale pale haraka ya mtu inapokutana na njia ya mnyama. Mpango ulipowekwa, madhara yamepungua. Pasipokuwa na mpango, wema haukutosha.

Kwanza tuelewe kwa nini kima wa Jozani ni rahisi kuwaona. Kima punju hapatikani kiasili popote duniani isipokuwa Unguja na visiwa vidogo vya jirani yake. Hata wale walioko Ngezi, Pemba, walipelekwa na watu katika miaka ya 1970. Anakula zaidi majani machanga na matunda mabichi, na tumbo lake lina vyumba vya kuchachushia majani. Karibu na lango la Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, msitu uko upande mmoja wa barabara na mashamba ya wanavijiji yako upande wa pili, yamejaa miembe na mikungu. Makundi yanayoishi huko mashambani yamezoea watu na yanapata chakula kingi, na watafiti wamewaona kima hao wakila mkaa wa kuni, jambo linalodhaniwa kuwasaidia kukabiliana na kemikali zilizomo kwenye majani ya miti hiyo ya kupandwa. Basi neema ya mgeni na hatari ya mnyama zina chimbuko moja. Kima anaonekana kwa urahisi kwa sababu anaishi kando ya lami, na anagongwa kwa sababu hiyo hiyo.

Barabara hiyo ilipoboreshwa katika miaka ya 1990, mwendo wa magari ulipanda. Kwa taarifa za wakati ule, kima mmoja aliuawa kila wiki mbili hadi tatu katika kipande kinachopita hifadhini, yaani kati ya 17 na 26 kwa mwaka. Dawa iliyotumika ilikuwa ya kawaida kabisa: matuta. Hesabu yake ni wazi. Dereva anayekwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika sekunde moja ya kushtuka tu, kabla mguu haujafika kwenye breki, na kwenye lami kavu atahitaji mita 35 nyingine hivi ili asimame. Anayekwenda kilomita 30 hupita mita 8 akiwa bado anashtuka, kisha husimama ndani ya mita 5 au 6. Yaani mita 57 dhidi ya 14. Kima akishuka mtini mita 20 mbele ya gari, dereva wa kwanza hana la kufanya hata awe na huruma kiasi gani, na wa pili anasimama bila shida. Watafiti waliofuatilia ajali hizo kwa miaka kadhaa baada ya matuta kuwekwa walikuta kima mmoja akiuawa kwa takriban kila wiki sita, sawa na wanane au tisa kwa mwaka. Tuta halikumfanya dereva awe mtu mwema zaidi. Lilimpa nafasi ya kuutumia wema aliokuwa nao.

Atatokea wa kusema kwamba kama kima bado wanakufa, basi matuta yameshindwa, na fedha zingefaa zaidi zikitumika kuelimisha madereva na kuweka vibao. Hoja hiyo inasahau ni nani anayepita pale. Barabara ya Jozani hutumiwa na daladala za Paje na Makunduchi, magari ya watalii, malori ya mchanga na mawe, na wageni wenye gari za kukodi ambao wengi wao wametoka nchi zinazoendesha upande wa kulia. Dereva wa leo siye wa kesho, na elimu aliyopewa mmoja hairithiwi na mwingine, lakini tuta humfunza kila anayelifikia. Vifo vilivyobaki vinaonyesha upungufu wa namna nyingine, kwamba baina ya tuta na tuta mtu bado anapata nafasi ya kukanyaga mafuta. Isitoshe, kima huvuka kwa kundi, mmoja nyuma ya mwenzake, na kundi linaweza kuwa na wanyama 30 au zaidi. Dereva aliyepunguza mwendo kwa kima wa kwanza, kisha akaongeza kasi akidhani yamekwisha, ndiye anayemgonga mama mwenye mtoto anayefuata. Jibu la upungufu huo ni matuta yaliyokaribiana zaidi pale kima wanapovuka kila siku.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Sensa iliyofanywa na shirika la uhifadhi wa wanyamapori la WCS na kuchapishwa mwishoni mwa muongo uliopita ilikuta kima punju zaidi ya 5,800, zaidi ya mara tatu ya makadirio ya zamani. Je, kima wanane kwa mwaka ni kitu mbele ya hesabu hiyo? Ni kitu, kwa sababu mbili. Kima punju huzaa mtoto mmoja mmoja, na kifo cha jike mzima hakifidiwi kwa msimu mmoja. Ya pili ni kwamba huyu ni mnyama wa kisiwani, na kisiwa hakina akiba. Tembo wakipungua bonde moja la Bara, wengine wanaweza kuja kutoka bonde jingine. Unguja haina bonde jingine. Tumeshaona mfano wa chui wa kisiwa hiki: alisakwa vikali baada ya Mapinduzi ya 1964, na leo hakuna ushahidi thabiti kwamba bado yupo. Wanyama wasio na kwao kwingine wanastahili kulindwa wakiwa bado ni wengi, maana hapo ndipo ulinzi unapokuwa rahisi.

Tuta peke yake, hata hivyo, lisingetosha kama wenye mashamba wangemwona kima kuwa ni mwizi aliyelindwa na serikali. Hapa pia ilihitajika mipango. Tangu miaka ya 1990, kabla hata ya Jozani kutangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, sehemu ya ada za wageni ilianza kurudi vijijini, kwa miradi ya jamii na kwa wakulima ambao kima hula katika mashamba yao. Sayansi nayo ilileta jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Kirstin Siex na Thomas Struhsaker walichunguza malalamiko kwamba kima humaliza nazi changa, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 1999 walikuta kwamba pale kima walipokula vidaka vingi, mavuno ya mwisho hayakupungua. Yaliongezeka kidogo, yumkini kwa sababu mnazi uliopunguziwa vidaka huviivisha vizuri vilivyobaki. Hilo halifuti hasara ya mkulima wa mboga au matunda, na fidia haiwezi kuachwa kwa sababu ya minazi. Lakini linaonyesha kuwa ugomvi wa mtu na mnyama unahitaji kupimwa kabla ya kuhukumiwa, na kwamba ada anayolipa mgeni langoni ni sehemu ya mtambo ule ule wa tuta: inagusa pale maslahi yanapogongana.

Sasa turudi kwenye njia panda ya Kitogani, tushike mkono wa Kizimkazi. Huko mpango wa namna hiyo ulichelewa. Hadi mwaka 1996 pomboo waliwindwa, na nyama yao ilitumika kuwa chambo cha papa. Utalii ulioanza mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1990 uliwapa wavuvi sababu ya kumwacha pomboo hai, na hilo ni jema kubwa lisilopasa kupuuzwa. Mwaka 1997 likatangazwa pia eneo la hifadhi la Ghuba ya Menai. Lakini utafiti uliofanywa baadaye juu ya pomboo wa pwani hiyo ulionyesha kwamba boti za watalii zikiwapo, wanyama hao hupunguza kupumzika na kujumuika, wakazidisha kusafiri. Miongozo ya kuwakaribia imeandikwa na manahodha wamepewa mafunzo. Tatizo ni kwamba hakuna tuta baharini. Nahodha anayetii akikaa mbali huku mwenzake akiwarusha wageni majini juu ya pomboo, mteja wa kesho atamfuata huyo wa pili. Utaratibu unaomwadhibu mwema kwa wema wake hauwezi kudumu, hata kama manahodha wote wangekuwa watu wazuri, na wengi wao ni watu wazuri.

Wapo wanaohofia kwamba kuweka kikomo kutawanyima riziki watu wa Kizimkazi. Hofu hiyo ni ya haki, na Jozani ndiyo inayoijibu. Msituni mgeni haingii anavyotaka: anapita langoni, analipa, anaongozana na mtembezaji, na fedha inagawanywa. Kizimkazi ingeweza kuwa na kituo kimoja cha kutokea, zamu za boti, idadi maalumu ya boti kwa kila kundi la pomboo na muda wa kukaa nalo, na mapato yanayogawanywa ili boti iliyobaki ufukweni nayo ipate fungu. Hapo nahodha hana haja ya kushindana kwa kumfukuza mnyama. Anachopoteza ni mbio, na mbio hazikuwa riziki yake.

Wapangaji wa safari nao wanahusika. Kuuza pomboo asubuhi, Jozani mchana na ufukwe wa Paje jioni kwa siku moja ni kuuza haraka, na haraka hiyo huishia kwenye mguu wa dereva kati ya tuta na tuta. Afadhali kusini igawanywe kwa siku mbili: moja ya msitu, njia ya mbao katika mikoko ya Pete na fukwe za mashariki, nyingine ya bahari peke yake. Kijiji kitapata mgeni wa kulala, na mharusi atapata muda wa kuangalia badala ya kupiga picha akiwa mbioni. Serikali ya Zanzibar, wakandarasi wa barabara na wenye boti wana mfano uliokwisha kujaribiwa ndani ya kisiwa chao wenyewe. Kinachotakiwa ni kuongeza matuta pale Jozani palipobaki wazi, na kuijengea bahari ya Kizimkazi utaratibu wenye nguvu ya tuta, usiosubiri kila mtu awe mwema ndipo mnyama awe salama.