Diwani ya Mshairi na Diwani wa Kata

Neno diwani limebeba maana mbili ambazo ni nadra kuwekwa mahali pamoja. Diwani ni kitabu cha mashairi ya mtunzi; na diwani ni mtu aliyechaguliwa kuisemea kata yake katika baraza la mji. Zamani, katika miji ya Mrima, neno hilohilo lilikuwa cheo cha wakuu wa wenyeji. Marehemu Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, aliziunganisha maana hizo katika maisha yake. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Na kabla ya miaka kumi kupita alikuwa amekwisha kuwa Mwafrika wa kwanza kuketi katika kiti cha Meya wa Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1964.

Ingetarajiwa ya kuwa fasihi iliyopata mwanzo kama huo, ambamo mtunzi na mkuu wa baraza walikuwa mtu mmoja, ingeujua mji kwa undani. Haikuwa hivyo. Katika riwaya nyingi za Kiswahili zilizofuata, Dar es Salaam ni zimwi. Kijana hutoka bara, hushuka stesheni, hushangaa taa, huibiwa mzigo wake, na kabla ya kitabu kufika nusu mji umekwisha kummeza. Zimwi hilo lina kinywa na tumbo, lakini halina ofisi. Maji machafu yakisimama mlangoni, mji ndio uliolaaniwa. Nyumba ikibomolewa, mji ndio usio na huruma. Ni baraza gani lililoketi? Ni nani aliyetia sahihi? Mwandishi hasemi, na msomaji hafundishwi kuuliza. Ben Mtobwa, naye mtu wa Kigoma, aliiita riwaya yake Dar es Salaam Usiku. Jina hilo ni zuri kwa soko, na bila ya kukusudia lafichua desturi ya waandishi wengi, kwani usiku mipaka ya kata haionekani.

Kasoro hii humdhuru zaidi msomaji aliye mbali. Achukuliwe msomaji wa Kawajense, kata ya Manispaa ya Mpanda katika mkoa wa Katavi. Reli ya kwao, iliyojengwa zama za Waingereza kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, huikuta Reli ya Kati huko Kaliua, na kutoka hapo njia ni moja mpaka pwani. Mkoa wake ulizaliwa mwaka 2012 kwa kugawanywa Rukwa. Una zaidi ya kilomita za mraba 45,000, na katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 ulikuwa na watu 1,152,958. Dar es Salaam, yenye eneo lisilofika kilomita za mraba 1,500, ilihesabiwa watu 5,383,728. Kwa tofauti hiyo mtu angedhani ya kuwa msomaji huyu yu mgeni kabisa wa mambo ya jiji. Sivyo. Amjua mwenyekiti wa mtaa aliyepigiwa kura, amjua mtendaji wa kata, amjua diwani na ahadi zake. Ngazi ya mtaa, kata na manispaa, iliyosimamishwa na sheria ya mamlaka za miji ya mwaka 1982 pamoja na marekebisho yake, yamhusu yeye kama imhusuvyo mtu wa Buguruni. Mwandishi amnyimapo ngazi hiyo amemnyima njia ambayo angeweza kupita kwa miguu yake mwenyewe, akampa badala yake hadithi ya zimwi, ambayo bibi yake alimsimulia vizuri zaidi.

Yaweza kujibiwa ya kuwa riwaya si kumbukumbu za mkutano. Ni kweli. Walakini Shafi Adam Shafi, katika Kuli ya mwaka 1979, aliuandika mgomo wa makuli wa Unguja wa mwaka 1948, na hakuogopa kumwonyesha msomaji kazi, ujira na mwenye kuulipa. Asiyepata kuiona bahari aifahamu bandari ile. Hakuna aliyelalamika ya kuwa kitabu kimekauka.

Na habari za mamlaka ya Dar es Salaam zina misukosuko ya kutosha. Mji ulioanzishwa na Sultani Majid katika miaka ya 1860 ulifanywa makao ya utawala wa Wajerumani mwaka 1891, ukapata hadhi ya jiji Desemba 1961. Katika miaka ya 1970 baraza lake liliondolewa, likarudishwa mwaka 1978, likavunjwa tena mwaka 1996 na mahali pake pakawekwa tume. Mwaka 2000 zilisimama manispaa tatu, Kinondoni, Ilala na Temeke, na juu yake Halmashauri ya Jiji. Baadaye zikaongezwa Ubungo na Kigamboni. Februari 2021 Rais John Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji na kuipandisha Ilala peke yake kuwa Jiji la Dar es Salaam. Tangu hapo mtu wa Sinza au wa Mbagala aishi Dar es Salaam, lakini kwa maneno ya serikali haishi katika Jiji la Dar es Salaam. Mtu wa Kawajense akisema aenda Dar hana haja ya kulijua hilo. Mtunzi, ambaye kazi yake ni maneno, anayo.

Mto Msimbazi nao haukusoma tangazo lolote. Huanza katika vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, ambao ni mkoa wa Pwani. Hushuka Ilala, hupokea vijito vya Ubungo na Kinondoni, hutandaa Jangwani, kisha huingia baharini penye daraja la Selander. Takataka itupwayo katika halmashauri moja hufika katika nyingine. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na jamaa nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande, mbali upande wa kaskazini. Kuandika ya kuwa mji uliwatupa watu hao ni rahisi mno. Ni nani aliyeandika majina yao? Mpangaji aliingizwa katika orodha, au mwenye nyumba tu? Watoto waliandikishwa shule ipi, na katika kata ya diwani gani? Mwandishi atakayeifuata safari ile itampasa aanze na mwenyekiti wa mtaa, asimame naye majini, daftari mkononi. Na msomaji wa Kawajense atamtambua mtu huyo kabla ya kutajiwa jina lake.